Dereva anajua kabla ya ofisi

Kijana mmoja anayesoma shahada ya uzamili aliniletea dodoso ofisini. Swali la kwanza: kwa kiwango gani taasisi yako inajifunza na kuendana na mabadiliko ya mazingira ya biashara? Chini yake visanduku vitano, kuanzia "hapana kabisa" hadi "sana". Nilijaza, maana alikuwa na adabu na hakunipotezea muda. Ila jibu langu halikuenea kwenye kisanduku, ndiyo maana naliandika hapa.

Kwa msionijua: nakaa dawati la oparesheni kwenye kampuni ya malori ya transiti, yaani yanayobeba mizigo ya nchi jirani inayopita kwetu, Dar es Salaam. Yadi yetu iko upande wa Kurasini. Mzigo unatoka bandarini, unapanda Morogoro, Iringa, Mbeya, unatokea Tunduma, unakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Congo, kisha Lubumbashi au Kolwezi huko Congo. Kurudi, Mungu akijalia, tunabeba shaba. Malori hayafiki arobaini. Sisi si wakubwa, na kwenye biashara hii asiye mkubwa ndiye anayepigwa na kila upepo: kodi ya Dar, ugonjwa wa Nakonde ng'ambo ya Tunduma, bei ya dizeli, ugomvi wa Zambia na Congo. Kwa hiyo swali la yule kijana kwangu ni swali la mshahara.

Nikianza kulijibu, naanza na karatasi iliyokuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha mhasibu wetu. Juu imeandikwa MAKATO kwa herufi kubwa. Kuchelewa siku moja bila sababu ya msingi, dereva anakatwa kiasi fulani. Pancha zaidi ya moja kwa safari, anakatwa. Kuzuiwa mizani, anakatwa. Sababu za msingi zilikuwa tatu tu: foleni ya mpakani, foleni ya mizani, au ajali ya mtu mwingine kufunga barabara. Chochote nje ya hapo kilihesabiwa uzembe.

Karatasi ile ilizaliwa 2016. Wenye malori mnaukumbuka mwaka huo. Kuanzia Julai serikali ilitoza VAT ya asilimia 18 kwenye huduma zinazoambatana na mizigo ya transiti. Mteja wa Lubumbashi hana habari na bajeti ya Dodoma. Yeye ana kikokotoo. Alipiga hesabu, mzigo ukahamia Durban, Beira, wengine Mombasa. Yadi za jirani zetu zikajaa vichwa vilivyopaki, madereva wanacheza bao chini ya tela. Bajeti ya Juni 2017 ikaiondoa kodi ile, lakini mteja aliyekwisha kuhamia kwa mwingine harudi kwa sababu waziri ametangaza. Wengine wetu tuliwafuata mpaka ofisini kwao kuwabembeleza, na bado hawakurudi wote.

Mwaka ule tajiri (kwenye malori mwenye mali anaitwa tajiri hata kama anadaiwa na benki mbili) alifanya alichofanya kila mwenye mali. Alibana. Posho ya safari ikapunguzwa, matingo (wasaidizi wa madereva) wakaondolewa, karatasi ikabandikwa. Gharama zikashuka kweli, na kampuni ikavuka salama wakati wengine wanauza vichwa kwa bei ya kutupa. Shida ya kunusurika ni kwamba lolote ulilokuwa unalifanya wakati ule unaanza kuamini ndilo lililokuokoa. Kodi ikaondoka, karatasi ikabaki.

Sasa jiweke kwenye viatu vya dereva. Uko Ilula, kabla ya Iringa, umemaliza kupanda mlima Kitonga, beringi ya tela imekufa. Ukipiga simu ofisini kusema ukweli, siku inahesabiwa, unakatwa. Basi hupigi. Unampigia dereva mwenzako aliye nyuma, anakuazima hela, mnamtuma mtu na bodaboda mpaka Iringa mjini kutafuta beringi, fundi wa hapo hapo anaifunga kwa tochi ya simu. Kesho yake jioni unapiga ofisini: "Dada, foleni mizani hapa, mbaya." Na mimi naandika kwenye fomu: foleni mizani.

Mwaka 2018 tajiri aliomba ripoti ya sababu za ucheleweshaji. Nilikusanya fomu za miezi kadhaa. Foleni Tunduma, foleni Makambako, foleni Kasumbalesa. Ya Kasumbalesa siibishii, anayebisha aende akalale huko. Lakini kulikuwa na fomu zinazosema foleni Mikumi. Foleni gani katikati ya hifadhi, ya tembo? GPS haikutusaidia, maana inakuonyesha lori limesimama Ilula tangu saa nane mchana, haikuonyeshi dereva akichangisha hela ya beringi.

Tajiri aliisoma ripoti, akahitimisha kwamba ugonjwa wetu ni foleni. Akaajiri mtu wa kukaa Tunduma kusukuma makaratasi. Mtu mwenyewe alikuwa hodari, makaratasi yakasukumwa hasa, na malori yakaendelea kuchelewa vilevile. Ikaongezwa dawa: makato yakapandishwa. Baada ya madereva wawili wazuri kuhamia kampuni nyingine, makato yakashushwa kidogo. Halafu yakapandishwa tena.

Nilipokuwa nasoma pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, mwalimu wetu alitufundisha habari za profesa mmoja wa Harvard, Chris Argyris. Huyu alipenda kutumia mfano wa kile kidude kinachodhibiti joto la chumba. Joto likishuka chini ya kiwango ulichoweka, kinawasha; likizidi, kinazima. Kinafanya kazi yake vizuri sana, ila hakiwezi kamwe kujiuliza kwa nini kiliwekwa kwenye kiwango hicho. Argyris alisema taasisi nyingi zinaishia hapo: zinarekebisha na kurekebisha bila kugusa kanuni yenyewe, na wakubwa wenye elimu ndio wagumu zaidi kuigusa kwa sababu hawajazoea kuonekana hawajui. Darasani nililinakili kwa ajili ya mtihani. Nililielewa siku ile mhasibu anapiga laini nyekundu kwenye kiwango cha makato na kuandika kipya juu yake, kwa mara nyingine.

Kilichotuamsha ni korona. Mei 2020 maambukizi yalipanda ghafla mjini Nakonde, upande wa pili wa Tunduma, na tarehe 11 Zambia ikaufunga mpaka. Ulikuwa mpaka ule ule ambao miezi michache nyuma, Oktoba 2019, marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja cha huduma ili malori yavuke haraka. Yaani tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kuzoea wepesi.

Siku mbili kabla ya hapo niliona kwenye skrini jambo la ajabu. Malori yetu yaliyokuwa yakielekea Tunduma yamesimama Uyole na Mbeya mjini, moja baada ya jingine, kama kilomita 100 kabla ya mpaka. Tajiri aliyaona pia, kwenye simu yake. Alipiga akiwa amewaka. Mbona wamelala? Nani kawaruhusu? Niliwapigia madereva, nikapewa majibu ya aina ile ile: "Taa, dada." "Upepo unavuja, dada." Mpaka nilipompata dereva wetu mkongwe, tunayemwita Babu, ambaye barabara ya Zambia ameianza tangu ikiwa na mashimo ya kuzamisha Fiat. Yeye alikuwa tayari Tunduma. Akaniambia taratibu: "Mwanangu, mawakala wa upande wa pili wanasema hapa patafungwa. Nimewaambia wenzangu wakae Mbeya, kuna chakula, kuna choo. Huku ukikwama utakunywa maji ya mvua."

Mpaka ukafungwa kweli. Ulifunguliwa kwa mizigo baada ya siku chache, na foleni iliyobaki ilikuwa ya kulia. Malori ya kampuni nyingi yalinaswa Tunduma, madereva wanalala chini ya tela wakiogopa ugonjwa. Yetu mengi yalikuwa Mbeya, salama.

Nikakaa nikalitafakari jambo lile. Taarifa muhimu kuliko zote za mwaka ule iliingia kwenye kampuni yetu siku mbili mapema. Iliingia kupitia mtu wa chini, ikasambaa kwa watu wote waliohusika, ikafanyiwa kazi ipasavyo. Ofisi peke yake ndiyo haikuambiwa. Kulikuwa na kampuni ndani ya kampuni, ile ya kwenye grupu la WhatsApp la madereva, na hiyo ilikuwa inajifunza kila siku. Ya kwetu yenye mhuri na leseni ndiyo iliyokuwa imelala.

Mambo yalipotulia kidogo tajiri aliitisha kikao yadini. Viti vya plastiki, soda, turubai limefungwa baina ya tela mbili kwa kivuli. Alianza kwa kuwashukuru, kisha akauliza kwa nini hawakusema. Kimya. Madereva wanaangalia viatu. Babu ndiye aliyesimama.

"Tajiri, nikuulize mimi kwanza. Nikikwambia ukweli, unanikata. Nikikudanganya, unanilipa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilidhani atamfukuza kazi pale pale. Tajiri alimgeukia mhasibu akamuuliza makato yote ya mwaka mzima yamefika shilingi ngapi. Mhasibu akaondoka, akarudi na faili, akataja. Haikufika bei ya tairi za tela moja. Watu wakacheka, na tajiri naye akacheka, japo kicheko chake kilikuwa kifupi.

Makato ya kuchelewa yakafutwa. Si makato yote, na hapa ndipo naona alipima vizuri. Anayeuza dizeli ya tajiri kwenye vidumu njiani anakatwa mpaka leo, na akirudia anakwenda nyumbani. Tofauti iliyowekwa ni nyepesi: dereva akipata tatizo akasema siku ile ile, hakuna kosa, hata kama tatizo amelisababisha mwenyewe. Akificha, hapo ndipo kuna kosa. Karatasi ikatolewa ukutani.

Na kilichofuata sikukisoma kwenye kitabu chochote cha Mabibo. Mwezi wa kwanza hali ikawa mbaya. Kwenye makaratasi, namaanisha. Simu zikaanza kumiminika: tairi, breki, beringi, dereva anaumwa, turubai limechanika, lakiri ya forodha (kifungio cha mzigo) ina hitilafu, mzigo umelala upande. Ripoti ya matatizo ambayo ilikuwa ukurasa mmoja ikawa daftari. Mhasibu alimwendea tajiri akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba tangu makato yafutwe uzembe umeongezeka, ushahidi huu hapa. Mwenye haraka angebandika karatasi upya wiki ile ile, na naamini kampuni nyingi hufia hapo: zinafungua mlango, zinaona uchafu uliokuwamo, zinaufunga zikidhani uchafu umeingia sasa hivi. Kilichotuokoa ni kitu kidogo. Nilichukua tarehe za kutoka Dar na tarehe za kufika Lubumbashi, nikaziweka kando ya zile za mwaka uliotangulia. Matatizo yanayoripotiwa yamejaa tele, lakini siku za njiani hazijaongezeka. Maana yake matatizo yalikuwapo siku zote, tulikuwa hatuambiwi.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kujifunza vitu vyenye faida.

Mfano ninaoupenda ni wa salfa. Salfa inayoingia bandarini Dar kwa wingi inakwenda kwenye migodi ya shaba, wanaitumia kutengenezea asidi ya kuchenjulia madini. Sisi tunaibeba kwenye mifuko mikubwa, ule mmoja tu una tani na zaidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, haina masihara: jumla tani 56, na kila kundi la ekseli lina kiwango chake. Lori letu lilikuwa linapita mizani ya Vigwaza, karibu na Dar, bila neno, likifika mizani ya Makambako linakataliwa. Uzito wa jumla ule ule, ila ekseli za nyuma zimezidi. Ofisi ilikuwa na maelezo mawili, kwamba mizani hazisomi sawa au dereva kaongeza mzigo wa magendo njiani. Yote mawili yalikuwa yanatupendeza kwa sababu hakuna linalotugusa sisi.

Dereva mmoja kijana, aliyekuwa tingo kabla hawajaondolewa, alitueleza kikaoni kwa mkono mmoja, ameuinamisha kama mlima. Ukipanda Kitonga kwa gia ya chini, lori linatikisika kila ukibadilisha, na mifuko inarudi nyuma kidogo kidogo. Kule juu ukifungua turubai unaona nafasi mbele ambayo Dar haikuwepo. Alikuwa anajua kwa miaka. Alikuwa anasimama Ilula anakodi vibarua kuisukuma mbele kwa hela yake ili asikatwe Makambako, na hicho kilikuwa chanzo cha zile siku zinazopotea Ilula. Tukabadilisha upakiaji: kabari za mbao nyuma ya mstari wa mwisho, mikanda zaidi, na msimamizi wa kupakia sasa anapiga picha kabla turubai halijafungwa. Hii haikuhitaji mshauri wala warsha ya Bagamoyo. Ilihitaji yule kijana asiadhibiwe kwa kujua.

Bei za mafuta 2022 nazipitia haraka, maana kila mtu ana hadithi yake. Vita vya Ukraine vilipoanza, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutangaza bei kikomo, ikawa siku ya kufunga na kuomba. Serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa Juni ili kupunguza makali. Sisi tuliandika upya mikataba, nauli ikafungwa kwenye bei ya EWURA ya mwezi husika. Lakini nani alitufundisha kujaza wapi? Madereva. Zambia nayo ilikuwa imeanza kubadilisha bei kila mwezi tangu mwanzoni mwa mwaka ule, kwa hiyo kuna mwezi inalipa kujaza Tunduma na kuna mwezi inalipa kujaza Nakonde. Wao walikuwa wanalijua hilo kwa sababu waliokuwa wakiuza vidumu walilazimika kulijua. Sikuuliza zaidi.

Hadi hapa hadithi yangu ni nzuri mno, nami siamini hadithi nzuri mno. Agosti 2024 tulipata mtihani mwingine.

Congo ilikuwa imezuia soda na bia kutoka Zambia, kelele zikapanda upande wa Zambia, na tarehe 10 Zambia ikaifunga mipaka yake na Congo ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Usiku uliotangulia dereva wetu aliyekuwa Chililabombwe, mji wa Zambia jirani na Kasumbalesa, alituma sauti: "Dada, huku hapako sawa. Watu wanasema patafungwa. Walio nyuma waambieni mapema." Mwenzangu wa zamu ya usiku hakungoja. Tangu 2021 tuna kaunta buku tunaloliita daftari la njia, na ndani yake, kutokana na yale ya Nakonde, kuna sentensi: mpaka ukinukia kufungwa, simamisha malori mbali, penye maegesho, chakula na choo. Na dawati lina ruhusa ya kufanya hivyo bila kumwamsha tajiri. Akawasimamisha Kapiri Mposhi, mbali na mpaka. Taarifa ilikuja mapema, ikaaminiwa, ikafanyiwa kazi. Yule kijana wa dodoso angetia tiki kwenye "sana".

Mpaka ulifunguliwa baada ya siku chache tu. Malori ya wenzetu yaliyobaki kwenye foleni yakavuka kwanza. Ya kwetu yakatoka Kapiri Mposhi kwenda kushika mkia. Mteja aliandika barua pepe ambayo sitaitafsiri.

Daftari lilikuwa sahihi kwa 2020 na likatukosesha 2024. Kikaoni tulibishana sana, wengine wakasema daftari litupwe, kila safari na akili yake. Aliyelinusuru ni yule yule dereva wa Chililabombwe. Alisema korona haikuwa na mwenyewe, hapakuwa na mtu wa kumbembeleza ili iishe, ndiyo maana kukaa mbali kulifaa. Kasumbalesa ina wenyewe. Shaba ya Congo inatokea hapo, chakula cha watu kinaingilia hapo, Zambia ina ushuru na biashara yake hapo, kila saa iliyofungwa kuna mkubwa anapoteza fedha upande huu na upande ule. Kufungwa kwa namna hiyo hakudumu. Tukaongeza mstari kwenye daftari: kwanza uliza ni nani anaumia mpaka ukifungwa, na ana sauti kiasi gani. Ule wa zamani hatukuufuta. Tuliandika pembeni yake mwaka na sababu yake, ili atakayeusoma ajue ulizaliwa katika hali gani.

Kwangu mimi, kipimo cha mwezi ule hakikuwa kwenye daftari. Kilikuwa kwa tajiri. Siku ya barua pepe ile alimwita mwenzangu wa zamu ya usiku. Sote tulinyamaza, tukisikiliza ukutani kama watoto. Alimuuliza: "Saa ile ulikuwa unajua nini?" Mwenzangu akamchezea ile sauti iliyotumwa. Tajiri akaisikiliza mara mbili, akasema sawa, na ruhusa ya dawati ikabaki. Angeiondoa siku ile, wa zamu anayefuata angekuwa anampigia tajiri saa tisa usiku kuuliza kama lori linaweza kusimama kununua maji.

Kitu ambacho bado hatujakiweza ni kutosahau. Karani wetu wa forodha wa miaka mingi aliondoka mwaka juzi, kampuni kubwa ilimpa mshahara ambao tajiri aliusikia akakohoa. Aliondoka na kichwa chake: wakala gani Nakonde hafai Ijumaa jioni, mteja gani hati zake lazima uzisome mara mbili, namba ya nani unapiga lakiri ikizima. Kwenye kompyuta aliacha mafaili yaliyopangwa vizuri sana yasiyo na hata kimoja cha hivyo. Babu naye anastaafu karibuni, magoti yamegoma. Nimeanza kumrekodi. Anakuja Jumamosi, anakunywa chai na chapati, namuuliza habari za njia, kilomita kwa kilomita. Nusu ya anayosema ni matusi kwa madereva wa mabasi, lakini nusu nyingine ni dhahabu.

Na sasa hivi tunavyozungumza kuna mvutano. Mtoto wa tajiri amerudi kutoka masomoni, ana akili na ana haraka, ameleta programu ya kufuatilia malori yenye kumpa kila dereva alama. Kusimama kusikopangwa kunapunguza alama. Alama zikishuka chini ya kiwango, safari nzuri zinakwenda kwa mwingine. Kwenye skrini inapendeza, ina rangi za kijani na nyekundu. Nilimwambia, mwanangu, hii ni makato. Akasema hapana shangazi, haikati hata senti. Nikamwambia dereva asiyepewa safari ya Lubumbashi akapewa ya Morogoro amekatwa, tena zaidi ya senti.

Sipingi programu. Nimeomba vitu viwili: lori likisimama, mfumo umuulize dereva sababu na umruhusu ajibu kwa sauti kwa Kiswahili, na anayejibu ndani ya saa moja asipoteze alama yoyote, awe amesimama kwa beringi au kwa kulala. Mtoto wa tajiri anasema waliomuuzia wamemwambia haiwezi kubadilishwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Nimemwomba namba yao ya simu niongee nao mwenyewe. Ameahidi kunipa wiki hii, na Babu ameshasema siku ya kupiga anataka awepo.